Kesi ya Syombua wa Kaloleni

Kaloleni, Nairobi
2 Aprili 1978

Kwa shemeji Zedekiah,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tuko, tunasukuma siku. Adhiambo ana kikohozi kilichokataa kwisha, na Phares ndugu yako amewekwa zamu ya usiku tangu Pasaka, kwa hiyo tunapishana mlangoni kama wapangaji: yeye akiingia, mimi nikienda kwenye kazi yangu ya chekechea. Anakusalimu sana. Unamjua, yeye na kalamu hawapatani, mambo ya barua ameniachia mimi. Na kwa kuwa Kijaluo changu kinaishia sokoni, na wewe Kikuyu hukijui kabisa, tuendelee na Kiswahili chetu.

Phelister hajambo? Mwambie asali aliyotutumia ndiyo dawa ya kile kikohozi.

Siku ile ulipoondoka kwetu hatukuagana. Nilirudi kutoka ukumbini, kwenye harusi, karibu saa kumi na moja, nikakuta umeshaondoka, na gari la moshi lako nilijua ni la saa moja. Nikasema labda ulitaka kupata kiti kizuri.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka Syombua, jirani yetu mjane, fundi wa nguo, aliyekushonea kifungo cha koti asubuhi ile. Jumamosi hiyo hiyo, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, alikatwa panga. Aliyemkata ni Mativo, ndugu wa marehemu mumewe. Tangu msiba amekuwa akisema nyumba ni ya ndugu yake, kwa hiyo ni yake, na Syombua arudi kwao Machakos. Syombua alikataa. Siku ya harusi majirani wote wa ploti walikuwa ukumbini, mwenyewe unajua jinsi tulivyopika tangu alfajiri, na Mativo alikuja akijua hakuna mtu.

Alimkata mkono wa kulia, mara mbili. Tuliorudi harusini tulimkuta uani, akakaa hospitali majuma mawili. Vidole viwili havikunjiki. Fundi wa nguo, shemeji, na mkono ni ule wa mkasi.

Mativo alikamatwa, akaachiliwa kwa dhamana. Anasema siku hiyo alikuwa Njiru kwenye machimbo akipakia mawe, na amepata rafiki wa kusema hivyo. Polisi wanatafuta mtu yeyote aliyemwona hapa. Syombua hana ndugu Nairobi, kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda naye.

Nakuomba ukumbuke vizuri. Kabla hujatoka, ulimwona mtu uani? Mrefu, mwenye koti la kijani la kazi. Hata kama ulimwona mgongo tu, niandikie.

Shemeji yako,
Wakiuru


Voi
30 Aprili 1978

Mpendwa Mama Adhiambo,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako nilipata, ila kazi za stesheni zimenizidi, ndiyo sababu ya kuchelewa. Phelister yuko salama, anasumbuliwa na meno tu. Huku mvua zimenyesha vizuri, lakini tembo walivunja bomba la maji majuma mawili yaliyopita, na mji mzima ukawa unagombania maji kwenye tangi la reli. Tulilazimika kuweka mtu wa kulinda foleni. Kanisani wamenipa mahubiri ya mwezi wa tano, basi naandaa.

Habari ya jirani yako imetuhuzunisha. Tunamwombea. Mimi siku ile niliondoka mapema.

Ningekushauri kama kaka: mambo ya ukoo wa watu yana mizizi mirefu. Leo wanakatana, kesho wanakula pamoja, na wewe uliyeingia kati unabaki adui wa wote. Una mtoto. Phares hayupo nyumbani usiku. Mwache Syombua na serikali.

Mwambie Adhiambo kwamba mjomba Zedekiah anataka kujua amekuwa wa ngapi darasani.

Ni mimi,
Zedekiah Owino


Kaloleni
18 Juni 1978

Shemeji,

Hatujambo. Adhiambo amekuwa wa tano na kikohozi kimekwisha. Phares amerudishwa zamu ya mchana na sasa analalamika kwamba kuna kelele nyumbani. Tunatumaini maji yamerudi. Na mtoto ananiambia nikusahihishe: wewe si mjomba, ni baba mkubwa.

Ushauri wako nimeusoma mara mbili. Asante. Lakini nimeshaingia, na nikitoka sasa atabaki na nani?

Acha nikueleze hiyo serikali unayosema nimwachie. Jumatano ya kwanza tulifika korti saa mbili asubuhi, Syombua akiwa amevaa nguo ya kanisani. Tulikaa mpaka saa saba. Inspekta anayeongoza mashtaka akatoka akasema daktari hakuja, kesi imesogezwa mbele. Jumatano ya pili daktari alikuja, faili ndilo halikuja. Karani alitafuta juu ya kabati na chini ya meza, akatuuliza sisi kama tunalo! Nikamwambia, "Ndugu yangu, sisi tulikuja na mkono. Faili ni la kwenu." Akakasirika. Daktari akaenda zake, na sasa inabidi aitwe upya.

Lakini si hilo linalonichoma. Ni benchi. Nje ya chumba kuna benchi moja tu, refu, na wote mnakaa hapo. Mativo alikuja na koti lake lile lile la kijani akakaa, akabaki mtu mmoja tu kati yake na Syombua, na huyo mtu ni mimi. Akainama mbele yangu akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Habari ya siku nyingi, shemeji. Mkono unaendeleaje?" Syombua alianza kutetemeka hadi benchi likawa linalia. Nilimwita askari. Askari akaniuliza, "Amempiga?" Nikasema hapana, amemsalimu. Akacheka.

Kule kazini mama msimamizi ameniambia nikikosa Jumatano nyingine nimletee barua ya korti. Korti haitoi barua kwa mtu ambaye si shahidi. Mimi si shahidi, si mlalamikaji, si mshtakiwa. Inspekta mwenyewe ameniuliza, "Wewe mama ni nani katika kesi hii?"

Shemeji, umesema uliondoka mapema. Mapema saa ngapi? Nauliza tu.

Wakiuru


Voi
16 Julai 1978

Mama Adhiambo,

Salamu nyingi. Tuko wazima kwa neema ya Mungu. Hongera kwa mtoto.

Naandika kwa haraka kwa sababu gari linaingia. Phelister anataka kumnunulia Adhiambo viatu vya shule, tuma kipimo cha mguu, uchore kwenye karatasi. Hapa kuna jua kali. Meno ya Phelister yameng'olewa mawili.

Hayo mengine tutaongea siku tukionana.

Zedekiah


Kaloleni
1 Oktoba 1978

Kwa Zedekiah,

Natumai wewe na Phelister mu wazima. Sisi tu wazima. Kipimo cha mguu kimo humu ndani, ingawa kwa jinsi nilivyochelewa huenda mguu umeshakua.

Kesi ilipangwa tarehe 23 Agosti. Nawe unajua siku moja kabla ya hapo nchi ilifiwa na Rais. Tulienda hata hivyo, hatukujua la kufanya, tukakuta watu wamesimama vikundi vikundi barabarani wakisikiliza redio. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Tukarudi kwa miguu hadi Kaloleni. Kwa hilo siwezi kumlaumu mtu.

Jumatano iliyopita, tarehe 27, hatimaye Syombua alipanda kizimbani. Miezi sita na nusu. Nilikaa nyuma.

Alieleza vizuri, polepole, mpaka wakili wa Mativo aliposimama. Huyo wakili hapigi kelele, anaongea kama mtu anayeuliza njia.

"Bibi, ulipokatwa, ulikimbilia wapi?"

"Mlango wa Mama Adhiambo. Ndio wa karibu."

"Ukafunguliwa?"

"Hapana."

"Kwa sababu nyumba ilikuwa tupu. Ploti nzima ilikuwa tupu. Hakuna aliyemwona mteja wangu, na hakuna aliyekuona wewe."

"Ndani kulikuwa na mtu."

Shemeji, hapo nilinyanyua kichwa.

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nilipoukaribia ukasukumwa. Nikasikia komeo likiingia."

Wakili akatabasamu. "Labda ni upepo."

"Upepo hautii komeo," Syombua akasema.

Watu wakacheka. Hakimu mwenyewe alicheka kidogo. Wakili akageuka akasema polisi waliandika wazi kwamba mwenye nyumba hiyo alithibitisha haikuwa na mtu. Kama shahidi anaweza kubuni mtu nyuma ya mlango, anaweza kubuni pia mtu mwenye panga, hasa akiwa na nyumba ya kugombania. Syombua akaanza kulia, hakimu akasema apewe muda, kisha akatazama saa, akaahirisha.

Mwenye nyumba aliyethibitisha ni mimi.

Tukiwa njiani kurudi nilimsimamisha. Nikamwuliza mbona hakuniambia habari ya komeo miezi yote hii. Akasema, "Ningekuambiaje, Mama Adhiambo? Wewe ndiye unayenishika mkono kila Jumatano. Nilijua ni mume wako."

Amekuwa akipika chai na kutuletea, akiamini kwamba Phares ndiye aliyemfungia. Phares siku hiyo alikuwa kazini hadi saa mbili usiku. Nilimwambia hivyo. Akaniangalia, akaelewa, hakuuliza ni nani.

Sasa na mimi niseme langu. Nilipoingia nyumbani jioni ile, chai yako ilikuwa kwenye kikombe, haijaguswa. Uani kulikuwa na damu tangu kwake hadi kizingiti changu. Polisi aliponiuliza nani alikuwa ndani, nikasema hakuna mtu. Sikujiuliza mara mbili. Nilisema kwa sababu wewe ni kaka wa mume wangu, na kwa sababu nilidhani utaniandikia mwenyewe. Nikakupa nafasi mwezi wa nne. Nikakupa mwezi wa sita. Ukaniuliza habari za viatu.

Phares nimemwambia. Alivua viatu, akakaa, akavivaa tena, akaenda kazini saa mbili kabla ya zamu.

Nataka jibu. Salamu nitazipokea siku nyingine.

Wakiuru


Kaloleni
12 Novemba 1978

Kwa Zedekiah,

Majuma sita. Nimeuliza posta mpaka yule bwana wa dirishani ananikimbia.

Nimekwenda kwa inspekta nikamweleza kwamba niliwaambia polisi uongo. Alinifokea mbele ya watu, akasema anaweza kunifungulia mashtaka mimi. Nikamwambia afungue, angalau nitakuwa na barua ya korti ya kumpelekea msimamizi. Alipotulia akaniambia hivi: kesi itatajwa tarehe 6 Desemba. Shahidi wa Voi akifika ataandikisha maelezo na kusikizwa. Asipofika, anafunga ushahidi wake na yaliyopo, na yaliyopo hayatoshi. Samansi ya korti ya kukuita inaweza kukufuata huko, lakini amesema shahidi anayeburutwa husema hakumbuki.

Syombua anataka kuacha. Amesema nyumba ampe tu Mativo, arudi kwao apumzike. Juzi alijaribu kukata kitambaa cha sare ya shule kwa mkono wa kushoto, kikaenda upande, akakichana chote vipande vipande. Mteja alimtukana. Mimi nimempigia magoti asubiri tarehe 6. Nimemwomba kwa jina lako, na sijui kwa nini.

Wakiuru


Voi
26 Novemba 1978

Shemeji Wakiuru,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Phelister hajambo. Najua salamu hukuzitaka, lakini sijui kuanza barua bila salamu.

Nitasema kama ilivyokuwa.

Baada ya ninyi kwenda harusini nilijilaza nikisikiliza mpira kwenye redio. Mlango niliurudisha tu kwa sababu ya joto. Nilijipikia chai. Saa tisa na nusu hivi nikasikia mwanamke anapiga kelele, nikaenda mlangoni. Nilimwona Syombua akitoka kwake, akishika mkono mmoja kwa mkono mwingine, na mtu mrefu mwenye koti la kijani nyuma yake na panga. Alikuwa hakimbii. Alikuwa anatembea tu, kama mtu anayefuata kuku. Akanyanyua macho akaniona. Alinitazama tu, na mimi nikafunga mlango.

Nimewahi kujiambia kwamba nilitaka kutafuta kitu cha kujihami kwanza. Si kweli. Nilitia komeo nikaegemea mlango kwa mgongo, ili asiusukume yeye, Syombua. Alipiga kwa kiganja. Alisema, "Mama Adhiambo, nifungulie." Mimi si Mama Adhiambo, nikawa najiambia hivyo, kwamba anayeitwa si mimi.

Kisha kukanyamaza. Nilichungulia dirishani. Mativo alikuwa kwenye bomba la uani akiosha panga. Aliiosha pande zote mbili, akaikung'uta maji, akaifunga kwenye gunia, akaondoka kwa njia ya nyuma. Hiyo niliona vizuri kama ninavyoona karatasi hii.

Lililo baya zaidi bado. Nilichukua begi langu nikatoka. Alikuwa amekaa chini, kwenye ukuta wenu, amefunika mkono kwa kanga, ameinamisha kichwa. Nilimpita. Alikuwa ameniwekea kifungo asubuhi ile, akakataa shukrani, akasema kifungo ni kitu kidogo. Nilimpita nikaenda stesheni, nikakaa huko zaidi ya saa mbili kusubiri gari. Kila askari aliyepita nilisema, sasa nitamwambia huyu.

Hapa Voi mimi ni mzee wa kanisa. Ninahubiri. Mwezi wa tano nilihubiri, watu wakaniambia imewagusa.

Jana nilimwambia Phelister. Hajasema nami tangu jana, lakini leo asubuhi nimeona amefua shati langu jeupe na kulipiga pasi.

Nimeomba likizo. Nitakuwa Nairobi tarehe 5 Desemba asubuhi. Kama Phares hataki nilale kwenu, nitalala kwa rafiki Makongeni.

Zedekiah


Voi
28 Januari 1979

Mama Adhiambo,

Nilifika salama Alhamisi ile ya tarehe 18. Asante kwa maandazi. Asante zaidi kwa Phares kunisindikiza hadi stesheni, ingawa hakusema kitu njia nzima. Alishika begi langu. Kwetu hilo si dogo, wewe unatujua.

Phelister amerudi kuongea nami. Amekataa kusema amenisamehe, anasema yeye si aliyefungiwa.

Nataka uelewe nilivyoona kwa macho yangu, kwa sababu zamani nilikuwa nikikushauri umwachie serikali. Desemba nilisafiri usiku kucha, nimeshajipanga maneno yote kichwani, tarehe 6 tunafika korti tunaambiwa hakimu yuko kwenye mkutano, njooni Januari. Karani alisema kama mtu anayetangaza kwamba sukari imekwisha. Niliandikisha maelezo yangu tu. Nilikuwa nimesimama koridoni na hasira kama ya wazimu, kisha nikawatazama ninyi wawili. Hamkuwa na hasira. Syombua alikunja leso yake akaitia mfukoni, wewe ukaandika tarehe mpya kwenye kile kidaftari chako, mkainuka. Hiyo ilikuwa mara yenu ya tano. Nikaona aibu mpya juu ya ile ya zamani.

Na tarehe 17, nilipopanda, wakili aliniuliza taratibu, "Bwana Owino, wewe ni mzee wa kanisa?"

Nikasema, "Nilikuwa. Nimejiuzulu."

"Ulikaa kimya miezi tisa. Shemeji yako amekuandikia barua ngapi kukufundisha la kusema?"

"Ameniandikia nyingi. Hakuna hata moja iliyonifundisha. Zote zilikuwa zinaniuliza."

"Mtu anayeona mwanamke anakatwa akafunga mlango, kwa nini korti imwamini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakimu akaniambia nijibu. Nikasema, "Mheshimiwa, kama ningetaka kubuni, ningebuni kwamba nilifungua."

Nikamwona Mativo anaangalia chini kwa mara ya kwanza. Kisha nikaeleza habari ya bomba na panga na gunia, na lile koti la kijani. Wakili aliuliza mengine matatu manne akakaa.

Sikuthubutu kumtazama Syombua. Alipita karibu nami wakati wa kutoka, akanipisha kama unavyompisha mtu usiyemjua.

Sasa nina ombi. Hukumu ikitoka niandikie. Na kama utapata nafasi, mwulize kama ananisamehe. Nimejaribu kumwandikia, nimeshindwa.

Zedekiah


Kaloleni
18 Februari 1979

Shemeji Zedekiah,

Sote tu wazima. Viatu vimefika, vinabana kidogo lakini Adhiambo hataki kusikia, analala navyo. Phares anasema ukipata likizo mwezi wa nne uje, mtaenda pamoja nyumbani kuona boma la wazee. Amesema mwenyewe, sikumsukuma.

Hukumu ilisomwa Jumatano tarehe 7. Ilikuwa ndefu, kwa Kiingereza, na mkalimani alikuwa akifasiri nusu na kumeza nusu. Nilisikia jina lako mara nne. Hakimu alisema shahidi wa Voi hakujipamba kwa lolote, na ndiyo maana amemwamini. Rafiki wa Njiru hakumwamini. Mativo amefungwa miaka mitano. Alipopelekwa chini mahabusu hakututazama. Ile habari ya nyumba hakimu hakuigusa. Amesema ni jambo jingine, liende kwa halmashauri, na huko wametuambia tulete cheti cha ndoa, cha kifo, na barua ya chifu, halafu tusubiri. Kwa hiyo bado tuko kwenye foleni, tumebadilisha mlango tu.

Nilidhani Syombua atafurahi. Tulitoka nje, akakaa kwenye ngazi kwenye jua. Nikamwuliza anaona vipi. Akasema, "Mwaka mzima nimekuwa mtu wa kesi. Jumatano ijayo nitaamka niende wapi?" Kisha akacheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka askari akatuambia tuondoke kwenye ngazi. Kilikuwa kicheko kibaya. Ukitaka kujua, mimi bado nina hasira. Nina hasira na benchi lile, na faili, na wale waliocheka siku ya upepo. Kazini nilikatwa mshahara wa siku zote zile. Na mkono haujarudi. Sasa anamfundisha binti mmoja wa Makongeni kukata, yeye anachora kwa chaki na kusema, binti anakata.

Ombi lako nililifikisha. Nilimwambia umeuliza kama anakusamehe. Alikuwa anapiga pasi. Alimaliza kola, akamaliza mkono mmoja wa shati, nikadhani hajanisikia. Halafu akasema, "Mwambie nilimsikia siku ile kortini. Neno kwa neno. Mtu mwingine hakuja kabisa, yeye alikuja." Kwa hiyo nakuletea kama lilivyo, sitalitia sukari.

Kuna jambo jingine. Wiki iliyopita mama mmoja aitwaye Amino, anauza maziwa, alikuja kwangu na binti yake. Huyo binti alipigwa na mwajiri wake hadi akapoteza jino na kusikia kwa sikio moja. Kesi ni kesho kutwa. Amesikia watu wakisema kule Kaloleni kuna mwanamke anayejua korti. Nilitaka kumwambia sijui kitu, nijuavyo ni kusubiri tu. Lakini Syombua alikuwepo, na kabla sijafungua mdomo akamvuta yule msichana akamkalisha karibu naye, upande wa sikio linalosikia.

Akamwambia, "Nitakuja nawe. Watakuuliza mambo ambayo hutaki kuyasema, na watayauliza kwa upole, huo upole usikudanganye. Usichokijua, sema hukijui. Ukichoka, omba maji, watakupa. Na yeye usimtazame. Nitazame mimi. Nitakuwa nimekaa pale nyuma, wewe useme kama unanieleza mimi."

Msichana akauliza, "Na kama hawataniamini?"

Syombua akasema, "Basi mimi nitakuwa nimekuamini, na tutarudi siku watakayotuita."

Nimemwomba msimamizi ruhusa ya kesho kutwa. Amekataa. Nitakwenda.

Msalimu Phelister.

Shemeji yako,
Wakiuru